Siku moja na mashine ya boti inayochemsha

Saa 1 asubuhi. Nafika gereji nakuta mashine ishaletwa, tustroki ya zamani ya silinda mbili, kifuniko kimepauka rangi yote. Mwenyewe anasema inawaka fresh, inakimbia kama dakika kumi hivi halafu inachemsha, nguvu zinakata, akipunguza mwendo zinarudi. Kuna fundi kashambadilishia impela, kile kipangaboi cha mpira kinachosukuma maji ya kupooza, ila tatizo liko palepale. Hizi mashine nazipenda jamani, kila kitu unakishika kwa mkono, ila hii haina alamu ya joto kwahiyo ukichelewa kushtuka imenoki.

Saa 2. Naifunga kwenye pipa, maji yavuke pampu kabisa maana impela ni mpira, ikizunguka kavu muda mfupi tu inaungua. Navuta kamba, inawaka. Maji ya kile kitundu cha nyuma yanaruka vizuri na hapa ndo wengi wanaponaswa, kitundu kinakwambia pampu inasukuma basi, hakikwambii kama maji yanazunguka huko juu, kwa sababu kwenye mashine kama hii yanachukuliwa kabla hayajapita kwenye hedi, yaani kifuniko cha silinda. Mimi naelekeza kipimo cha joto kwenye hedi yenyewe. Silinda ya chini digrii 62 imetulia, ya juu 75, mara 88, bado inapanda, nikazima hapohapo. Ingekuwa pampu, mara nyingi zote mbili zingepanda pamoja.

Saa 3. Natoa plagi. Ya chini ya kahawia kama inavyotakiwa, ya juu imeng'aa utadhani imetoka dukani leo. Plagi iliyotumika ikiwa safi hivyo ujue kuna maji yanaingia ndani yanageuka mvuke yanaiosha. Napima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, chini psi 110, juu 75. Basi, gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, inavuja.

Saa 4 mpaka saa 6 nzima ni bolti. Hakuna ujanja hapa ni subira, bolti zimeshikana na alumini kwa chumvi ya miaka, ukilazimisha inakatikia ndani ya bloku na hapo umejitafutia kazi nyingine kubwa kuliko ya mwanzo. Napasha moto, naweka oili ya kulegeza kutu, nasubiri, nakaza kidogo kwanza ndo nafungua, inalia, narudisha, nafungua tena. Zote zimetoka nzima.

Saa 7. Hedi iko mezani. Gasketi ina mstari mwembamba mweusi, umekatiza kutoka silinda ya juu hadi njia ya maji. Gesi ya moto inapita hapo inaingia kwenye maji, inayasukuma nyuma, sasa hata uweke impela ya dhahabu haisaidii. Njia za maji zimejaa chumvi ngumu nyeupe, bisibisi inagonga kama jiwe. Thamostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, naichemsha kwenye sufuria na kipimajoto, ya kufungua kwenye digrii 60, hii imefika 75 ndo inafunguka nusu. Kwa ninavyoona mimi chumvi na thamostati ndo zilianza, hedi ikapata joto ikapinda, gasketi ikafuata. Ukibadili gasketi peke yake itarudi tu.

Saa 8. Nachokoa chumvi kwa waya, iliyogoma nailoweka na siki. Kisha msasa juu ya kioo, nasugua hedi kwa kuzungusha ili uso unyooke. Mwanzoni zinang'aa pembe tu, katikati kumebaki kweusi, pale penye mstari wa gasketi. Nasugua taratibu mpaka weusi wote unaisha, uso wote rangi moja.

Saa 9. Pampu nayo nafungua, siwezi kuiamini kwa kuambiwa. Impela mpya kweli, ila sahani ya chini yake ina mifereji unaisikia kwa kucha, kwahiyo inavujisha presha, nabadili. Wakati wa kurudisha nazungusha shafti kwa upande inaozungukia ili mabawa yalale sawa.

Saa 10. Gasketi mpya, thamostati mpya, bolti nazikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Saa 11. Pipani tena, gia imeingia, naiacha iungurume muda mrefu kuliko ule iliokuwa inachemsha nao. Juu 64, chini 62. Kompresheni ya juu imepanda. Mzee katabasamu anataka kuibeba leoleo, nikamwambia hapana mzee wangu, ilale, kesho ikiwa baridi nazikaza bolti mara ya mwisho ndo uichukue, na kila ukitoka chumvini iendeshe kwenye maji yasiyo na chumvi kabla hujaifunika.