Kijiti Kilitoka Kikavu

Mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, unaotunza chanjo kwenye baridi kali, ukifunguliwa hutoa moshi mweupe mzito, unaoteremka ubavuni badala ya kupanda. Asubuhi ile, Simanjiro, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilifungua kifuniko na hakikutoka kitu. Nikachovya kijiti cheusi cha kupimia hadi chini, nikasubiri, nikakitoa. Huwa kinaibuka kimeganda barafu nyeupe mpaka pale kimiminika kilipofikia. Safari hii kilitoka kikavu, cheusi vilevile.

Nyuma yangu walisimama ndama 120 na wenyewe.

Tulikwenda kuwachanja dhidi ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao Wamasai huuita oltikana. Chanjo yake, iliyobuniwa Muguga, Kenya, si ya kawaida: ndani ya mrija mna vimelea hai waliotolewa kwenye kupe. Unamwambukiza ndama kwa makusudi, na papo hapo unamdunga antibiotiki ya oksitetrasaiklini ili ugonjwa usimshinde. Vimelea hao huishi kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi ikiisha, nao wameisha. Mrija mmoja una dozi 40, na ukishayeyushwa haurudishwi mtungini, ndiyo maana wafugaji walikuwa wamepatana kukusanyika siku moja. Wengine walitoka kwao alfajiri.

Jana yake, Arusha, nilipaswa kupima kabla ya kuondoka. Sikupima. Jua lilikuwa linazama, dereva ananiita, nikainua mtungi, nikaona mzito, nikaridhika.

Mirija kwa macho ilikuwa mizima. Ningedunga, ningewavisha ndama hereni za waliochanjwa masikioni, na siku ile hakuna ambaye angejua. Hereni ile huko mnadani humwongezea ng'ombe bei. Wangekuja kujua baadaye, tezi zikianza kuvimba. Nakiri kwamba wazo hilo lilinipitia, na lilikaa zaidi ya dakika moja.

Nikamwendea mzee wa boma, nikampa kijiti mkononi.

"Mzee, dawa imekufa. Kosa ni langu, sikupima."

Akakigeuzageuza. "Yote?"

"Yote."

Akawageukia watu, akasema nao Kimaasai kwa muda mrefu. Mimi niliambulia neno oltikana tu. Wakaanza kuswaga ndama wao kurudi, bila kelele. Ningependa wangenigombeza.

Akabaki mama mmoja mwenye ndama wawili. "Bwana mifugo, utarudi lini?"

"Wiki ijayo, mama."

Zilikuwa siku 11. Kupata naitrojeni wakati ule ilikuwa kazi, na mvua ilikuwa imekata barabara.

Nimekuwa mkuu wa kitivo tangu wakati huo, nimesimamia tafiti, nimesaini vyeti vya vijana wengi wanaotibu mifugo nchi nzima. Kijiti kile kilisimama nyuma ya mlango wa ofisi yangu miaka yote hiyo. Kila mwanafunzi aliyekwenda kuchanja alipita kwangu kwanza, anieleze mtungi una sentimita ngapi za naitrojeni, na nani kapima.

Tuliporudi baada ya siku zile 11, ndama mmoja wa yule mama alikuwa amelala kivulini. Tezi chini ya sikio imevimba kama yai la kuku, pumzi fupifupi, povu jeupe puani. Alikufa kabla ya saa saba. Nikaomba ruhusa kumpasua. Mama mwenyewe akashika mguu ili nipate nafasi ya kisu. Mapafu yalikuwa mazito, yamejaa maji, na koo lote, toka juu hadi chini, lilikuwa povu tupu. Nilimwonyesha. Alitazama kwa makini, kisha akainuka kwenda kumleta yule wa pili.

Nikampima joto: mzima. Nikachukua sindano. Mama akaweka kiganja juu ya shingo ya ndama, akanizuia.

"Leo umepima?"

Nikaenda garini, nikachovya kijiti, nikamletea mbio kabla barafu haijayeyuka. Akagusa pale peupe kwa ncha ya kidole, akautoa mkono haraka, akaondoa kiganja.