Ualkali wa maji kabla ya pH

Kwa muda wa wiki sita nilihangaika na tangi moja la saladi niliyokuwa nikiikuza bila udongo, mizizi ikiwa ndani ya maji yenye virutubisho. Kila asubuhi nilikuta pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji ambacho namba yake hushuka uasidi unapozidi, imepanda hadi 7.2, nikaishusha kwa asidi hadi 5.8, na kesho yake nikaikuta imerudi palepale. Majani machanga yalikuwa yakitoka ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma, nami nikaongeza chuma bila kupata nafuu yoyote. Chuma kilikuwamo majini tangu mwanzo. Mizizi ndiyo iliyokuwa haiwezi kukifikia.

Chuma kisicholindwa huganda na kuacha kuyeyuka kadiri pH inavyopanda, na kwa sababu hiyo watengenezaji wa mbolea hukifunga ndani ya kemikali inayokihifadhi. Kinga hizo hazilingani: ile iitwayo EDTA huanza kukiachia chuma pH inapozidi takriban 6.5, DTPA huvumilia hadi karibu 7.5, na EDDHA huenda juu zaidi ya hapo. Nilipoisoma upya lebo ya mbolea yangu niligundua kwamba chuma chake kilikuwa cha EDTA, na tangi langu lilikuwa likishinda juu ya mpaka huo kwa sehemu kubwa ya siku.

Swali likabaki: kwa nini pH ilikuwa ikipanda? Jibu nililipata kwa ndoo mbili na chupa ndogo ya kemikali ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo huitumia kupima maji yao. Ndoo moja ilikuwa na maji ya mvua, nyingine maji ya kisima, na kipima pH kilionyesha 6.9 kwa ya kwanza na 7.4 kwa ya pili, tofauti ambayo mtu angeidharau. Nilichota mililita 5 za maji ya mvua, nikadondosha tone moja la kemikali, na rangi ikageuka papo hapo kutoka buluu kuwa njano. Kwa maji ya kisima niliendelea kudondosha na kutikisa, tone baada ya tone, na rangi ikageuka kwenye tone la 14. Kwa kuwa kila tone la kipimo hicho ni sawa na miligramu 17.9 za kalsiamu kabonati kwa lita, kisima changu kilikuwa na ualkali wa takriban miligramu 250 kwa lita.

Ualkali ni uwezo wa maji kumeza asidi, na katika maji mengi unatokana na bikabonati iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya chokaa. pH inakuonyesha mahali maji yalipo kwa sasa, lakini ualkali ndio unaokuambia yatakavyokaidi utakapotaka kuyasogeza. Asidi ikitiwa, sehemu ya bikabonati hugeuka kuwa kabonidayoksaidi, ambayo kwa saa chache hubaki imeyeyuka na kuifanya pH ionekane imeshuka; kisha pampu ya hewa inapoyatibua maji, gesi hiyo hutoroka na bikabonati iliyosalia huipandisha pH tena. Nilichokuwa nikikiona kila asubuhi kilikuwa hicho hasa.

Kuongeza asidi tu kungewezekana, lakini siupendi ufumbuzi huo maji yanapokuwa na ualkali mkubwa kiasi hicho, kwa sababu asidi ya fosfori hulimbikiza fosforasi na asidi ya nitriki huongeza nitrojeni ambayo hukuipangia. Niliamua kuchanganya sehemu mbili za maji ya mvua na sehemu moja ya kisima, na ualkali ukashuka hadi karibu miligramu 95. Sikutumia maji ya mvua peke yake, maana hayana kalsiamu ya kutosha na pH yake huyumba kwa tone dogo tu la asidi. Bikabonati kidogo ni breki yenye manufaa.

Utaratibu nao una uzito wake. Virutubisho hutangulia, pH hufuata, kwa kuwa mbolea yenyewe huishusha pH na ukianza na asidi utalazimika kurudia kazi. Mbolea yenye kalsiamu isikutane na yenye fosfeti au salfeti zikiwa bado nzito, kabla ya kuzimuliwa kwa maji, la sivyo utaona ungaunga mweupe ukituama chini ya ndoo, na ungaunga huo ni chakula ambacho mmea hautakipata. Asidi itiwe ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi, na glavu na miwani ya kinga zivaliwe hata kama ni mililita mbili tu. Kwa anayetumia maji ya bomba, klorini ya kawaida huondoka maji yakiachwa wazi kwa takriban siku moja. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki kwa njia hiyo, inahitaji kichujio cha mkaa.

Kipima pH nacho kinaweza kukupotosha. Changu nakisawazisha kwa vimiminiko vya 7.0 na 4.0, na elektrodi yake naihifadhi kwenye kimiminiko chake cha chumvi, kwani maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, huiharibu.

Baada ya kurekebisha maji niliacha kuifukuzia namba moja. Mizizi inapofyonza nitrati hupandisha pH, inapofyonza amoniamu huishusha, kwa hiyo kusogea kidogo kati ya 5.5 na 6.5 ni dalili ya mmea unaokula, na mimi huingilia kati pale tu inapovuka mipaka hiyo. Jani la kwanza lililotoka likiwa kijani mpaka kwenye kingo nililiona siku ya tisa. Yale ya njano yaliyolitangulia hayakurudi rangi yake, nikayavuna yakiwa hivyohivyo.