Nilivyojaribu baiskeli tatu Ngamiani nikiwa na robota la vitambaa

Baiskeli yangu ya kwanza niliinunua 2017 bila hata kuikalia. Nacheka nikisema lakini ndo ukweli, nilifika dukani, kaka muuzaji akainyanyua kwa nyuma akazungusha pedali kwa mkono, tairi likalia trrrr vizuri, akaniambia dada hii chuma, mwenyewe si unaona, na mie nikaona, nikatoa hela. Shida yenyewe haikuwa ujinga, ilikuwa aibu. Pale mbele kulikuwa na benchi, vijana kama wanane wanakunywa kahawa, na mie nimevaa baibui, nikajisemea nipande hapa mbele ya wote hawa halafu nianguke? Nikaikokota mpaka kona, nikahakikisha hawanioni, ndo nikapanda.

Ilikuwa ile Phoenix kubwa ya 28 yenye bomba la katikati, na mie kimo changu kifupi. Kiti tulikishusha mpaka kikagoma, na bado pedali ikifika chini naigusa kwa ncha ya vidole, kwa hiyo kila nikikanyaga nyonga zinakwenda huku na huku kama niko kwenye ngoma ya harusi. Ndani ya mwezi nyuma ya magoti panauma, nikawa napaka dawa za kuchua usiku, mama anasema ni baridi yabisi. Baridi yabisi gani Tanga hii na joto lake! Niliivumilia miaka miwili nikamuuzia mtu wa maziwa kwa bei ya kutupa, nikarudi kwenye bodaboda.

Sasa bodaboda bwana. Nakaa Kange, banda langu la kushonea liko Ngamiani, kama kilometa sita hivi. Elfu mbili kwenda elfu mbili kurudi, siku ishirini na sita kwa mwezi, piga hesabu ni laki moja na elfu nne inaondoka kwenye makalio ya pikipiki. Na mji wenyewe ni tambarare kama meza, kila mtu hapa anaendesha baiskeli, wazee, wanafunzi, mama anakwenda sokoni na kikapu, mie tu ndo nimekaa nyuma ya boda nimekumbatia vitambaa vya watu. Mwaka huu mwezi wa pili nikasema basi, nanunua tena, ila safari hii sitoi hata mia kabla sijaipanda.

Kabla ya kwenda dukani nilipita kwa fundi mmoja mzee anakaa chini ya mti wa mkungu karibu na banda langu, huyo ndo anayetengeneza baiskeli za mtaa mzima. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikamweleza. Hakuniuliza nataka aina gani wala nina shilingi ngapi, aliniuliza weye kila siku unabeba nini? Nikamwambia vitambaa, siku nyingine robota zima. Akasema basi nenda nalo, na uvae hivyohivyo unavyovaa ukija kazini. Nikafikiri ananitania, lakini hakuwa anacheka, alikuwa anachomoa spoku kwenye rimu na mdomoni kashikilia nyingine.

Akanionyesha na vitu vya kuangalia nikiwa bado chini, na hivi nimevishika mpaka leo. Unakaa kwenye kiti unaweka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke, ukiukunja sana kiti kiko chini, ukilazimika kuinamisha nyonga kiko juu. Halafu unashika cheni pale mbele kabisa kwenye lile gurudumu la meno unaivuta kuelekea mbele, ikinyanyuka mpaka unaona jino zima basi cheni imekwisha na pengine na meno yake. Unabana breki ya mbele unaisukuma baiskeli mbele na nyuma, ukisikia ko ko ko kwenye shingo ya usukani ujue gololi zimelegea au zimekufa. Na unashika kranki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali, siyo pedali yenyewe, unaitikisa pembeni, isicheze.

Jumamosi asubuhi nikafunga banda langu, nimevaa dera na mtandio, robota langu begani. Benchi za kahawa zipo kama kawaida, nikaamua leo wacheke tu.

Duka la kwanza nisiwape hadithi ndefu. Baiskeli zimetoka Japani zimepangwa nje zinang'aa, nikauliza naweza kujaribu, kaka akasema hapana dada, ukiipanda inakuwa imeshatumika. Nikamwangalia, nikaiangalia baiskeli, ina stika ya maandishi ya Kijapani kwenye madigadi, mishikio ya usukani imelika mpaka imekuwa laini, kuna mwenzetu huko kaipanda mpaka kachoka kaitupa, imepakiwa kwenye kontena imevuka bahari, halafu mie nikizunguka nayo mara moja barabarani ndo itakuwa imetumika! Nikamuaga vizuri nikaondoka.

La pili waliniruhusu ila mbele ya duka tu, mwisho kwenye nguzo ya umeme, rudi. Wakanishawishi nichukue zile za milimani, gia kumi na nane, ina springi mbele na nyuma, kwa macho ni nzuri haswa. Nilipogusa tairi kidole kikatoka cheusi tii, kumbe limepakwa dawa ya viatu kuficha nyufa, na ile nyeusi ikahamia kwenye kona ya kitambaa cha mteja, kitenge cha watu, nilitamani kulia. Nikaipanda hivyohivyo. Kila nikikanyaga zile springi zinabonyea, nusu ya nguvu yangu inaishia kwenye kubonyea, mwendo hakuna. Keria haina na ukitaka kuweka hakuna pa kuifunga kwa sababu ya springi ya nyuma. Cheni iko wazi, dera langu likaramba grisi kabla sijafika kwenye nguzo. Kijana akaniambia sista utazoea. Nizoee nini, nguo kuliwa na cheni? Nikashuka.

Duka la tatu ndo nilikaa mpaka adhuhuri. Mwenye duka ni mtu mzima, mpole, akasema zunguka mpaka unapotaka lakini uniachie simu na kitambulisho, maana nilishaibiwa mbili kwa mtindo huohuo wa kujaribu. Nikaona ana haki, nikampa. Nilipoondoka nikasikia vishindo nyuma, nageuka, kumbe kamtuma na dogo wake mmoja ananikimbilia kwa miguu kuhakikisha sipotei, simu kachukua, kitambulisho kachukua na bado kaniwekea askari hahaha.

Alikuwa na mbili za kike zile za Kijapani, bomba limeinama, kikapu mbele, cheni imefunikwa yote. Ya kwanza nyekundu, tairi mpya, rangi mpya, anataka laki mbili na hamsini. Ya pili ya kijivu, kikapu kimeshika kutu, kengele haina mfuniko, laki mbili na thelathini. Moyo ulikuwa kwenye nyekundu, nisidanganye.

Nikafunga robota kwenye keria kwa mpira, nikapanda nyekundu. Mita za kwanza raha tupu. Nilipolegeza mikono kidogo, sikuachia, nimelegeza tu vidole vikiwa vinagusa, ikaanza kuelekea kushoto. Nikairudisha, nikalegeza tena, kushoto tena, kama punda anayekumbuka kwao. Barabara yenyewe iko sawa. Nikageuka nikarudi upande wa pili nione labda ni mwinuko wa barabara, bado inakwenda kushoto, yaani kushoto kwangu siyo kushoto kwa barabara. Hapo nikamwita yule dogo, nikamwambia kwa kuwa unakimbia bure nisaidie, kaa nyuma yangu utazame matairi nikiwa naendesha. Akatazama kwa makini kweli, na akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, dada la mbele na la nyuma hayajafuatana! Kumbe foku, ile panda inayoshika tairi la mbele, imepinda, iligongwa huko ilikogongwa ndo maana ikapigwa rangi mpya. Nilivyorudi mwenye duka akamtazama dogo jicho kali sana, na dogo bado anamwonyesha kwa mikono jinsi tairi zinavyopishana, masikini hakuelewa kwamba yuko upande wa dukani.

Ya kijivu sasa. Kiti kilipanda kilishuka bila shida, kisigino kwenye pedali mguu umenyooka. Nikatoka nayo mpaka kwenye kipande chenye mchanga, robota nyuma, haikuyumba ila pale mwanzo wa kuondoka tu, na hapo ni mie sijazoea mzigo. Breki ya mkono wa kulia ni ya mbele, wa kushoto ya nyuma, hili mtu alijue mapema na mzigo ukiwepo, nilianza na ya nyuma ikapiga ukelele wa mbuzi anayechinjwa lakini ikashika. Ina gia tatu za ndani, zile zinazokaa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, hakuna minyororo ya kuruka huku na huku, unazungusha mshikio wa kulia tu. Ya kwanza sawa, ya tatu sawa, ya pili ukikanyaga kwa nguvu pedali inadondoka patupu kama ngazi iliyokosa kidato kimoja, nusura nipige goti kwenye usukani. Nikarudia mara nne, ileile ya pili.

Nikarudi nikasema mjomba gia ya pili inateleza. Akasema ndivyo zilivyo hizo. Nikaomba niipitishe kwa fundi wangu maana ni mtaa wa pili tu, akakubali, dogo tena nyuma yangu. Babu hakushika hata spana, akainama upande wa kulia wa ekseli akatazama pale waya wa gia unapoingia, akanivuta pembeni dogo asisikie, akaninong'oneza waya umelegea, dakika tano, nenda kapatane kwanza ndo uje nikaze. Sijui kama ilikuwa dhambi. Nikamuuliza na tairi zitapatikana? Hapo akanipa somo ambalo wengi tunaliwa nalo, akanisomesha ubavuni, limeandikwa 26 x 1 3/8. Akasema hii 26 siyo 26 ya zile za milimani, ukienda dukani ukasema nataka 26 utapewa ya mlimani na haitakaa kwenye rimu hii hata ufanyeje, rimu za hizo za milimani ni ndogo kuliko hii, waambie moja na tatu juu ya nane, au soma ile namba nyingine iliyoandikwa pembeni, 37-590, ya mlimani inaishia 559. Valvu ilikuwa ileile ya Phoenix yenye kimpira ndani kwa hiyo pampu ya mtaani inaingia.

Tulipatana kwa muda. Nikamtajia gia, kikapu, kengele, rimu ya nyuma inayocheza (dogo ndo aliiona hiyo pia, mwenye duka akamtuma kununua maji ili aondoke), na ile kufuli ya gurudumu la nyuma haina ufunguo. Akasema ufunguo upo, uko kwenye boksi, utautafuta. Tukaishia laki na tisini. Nikalipa, nikarudishiwa simu na kitambulisho, mmoja wa kwenye benchi akasema mama leo umetukimbizia mtoto, nikamwambia kaka kajaribu na weye.

Babu alikaza waya, gia ya pili ikashika kama imegundishwa, akanyoosha rimu kwa kukaza spoku za huku akilegeza za kule, akatia mafuta kwenye cheni, elfu tano. Ule ukelele wa breki ya nyuma alisema ule ni wa maisha, nikauacha, unanisaidia mahali ambapo kengele ingefanya kazi.

Huu ni mwezi wa tano naendesha. Magoti hayaumi. Kikapu nimekishonea mfuko wa turubai na kile kitenge kilichochafuka nimembadilishia mteja, kilichobaki nimekifanya kifuniko cha kiti. Ufunguo wa kufuli bado, kila nikipita pale mjomba ananiambia uko kwenye boksi, na dogo nyuma yake anatikisa kichwa kwamba haupo.