Nilivyojifunza kuripoti barua taka mpaka zikashughulikiwa

Asubuhi moja nilifungua barua pepe nikakuta 63 mpya. Zangu kweli zilikuwa mbili tu. Zilizobaki zilikuwa za mikopo, dawa za kupunguza unene, na bahati nasibu ambayo sikuwahi kucheza.

Kwanza nilikosea kwa kujibu. Nilimwandikia mmoja wa watumaji kwa adabu aniondoe kwenye orodha yake, na wiki ileile zikaongezeka, maana nilikuwa nimemthibitishia kuwa anwani ile ina mtu. Hata picha iliyomo ndani ya barua, ikifunguka tu, inaweza kumpa habari hiyohiyo. Nikazima picha zisijifungue zenyewe.

Kosa lililonichelewesha zaidi ni jingine. Nilikuwa nazisambaza kwa wanaopokea malalamiko kwa njia ya kawaida, hawanijibu, nami nikawalaumu bure. Barua ikisambazwa hivyo hupoteza maelezo ya kichwa chake, ile mistari iliyofichika inayoonyesha imepitia seva zipi (kompyuta zinazopokeza barua) na saa ngapi. Bila mistari hiyo mchunguzi hana pa kuanzia. Sasa naituma nzima, kama kiambatisho.

Mistari yenyewe nilijifunza kuisoma polepole. Kila seva huweka wake, unaoanza na neno “Received”, juu ya uliotangulia, kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Ya chini tapeli anaweza kuibuni. Ninaouamini ni ule ulioandikwa na seva ya mtoa huduma wangu, kwa sababu hapo ndipo huonekana namba ya IP, yaani anwani ya mtandaoni, ya kompyuta iliyoileta barua. Jina la mtumaji silitazami. Yeyote aweza kuandika lolote.

Namba hiyo naitafuta kwenye WHOIS, orodha ya wazi ya wenye anwani za mtandaoni, napata mwenye mtandao na anwani yake ya malalamiko, ambayo mara nyingi huanza na “abuse”, desturi iliyoandikwa rasmi mwaka 1997. Zinazowinda nywila nazipeleka kwa mamlaka pia: Uingereza wanapokea kwa report@phishing.gov.uk, Marekani kwa ReportFraud.ftc.gov. Kwingineko huanzia kwa mdhibiti wa mawasiliano au polisi wa makosa ya mtandao.

Ripoti yangu huwa mistari mitatu, haina matusi. Jibu la kwanza nililopata, baada ya siku nne, lilisema barua zile zilitoka kwenye kompyuta ya ofisi ndogo iliyoingiliwa na virusi. Wenyewe hawakuwa na habari, na sasa imesafishwa.