Inuka, Ule

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni 1 Wafalme, kuanzia sura ya 18 mstari wa 41 mpaka sura ya 19 mstari wa 8. Lisomeni kwanza ndipo mrudi hapa. Ni refu kidogo, lakini wiki hii hatuna harusi wala matanga, nafasi mnayo.

Mnajua nilikwenda Nairobi mwezi wa kumi kukimbia marathoni yangu ya kwanza. Mnajua kwa sababu nauli mlinichangia ninyi. Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza, "Mama, ushuhuda lini?" nami najibu nina mafua. Mafua hayakuwapo. Nilikuwa naona haya.

Mimi ni mwuza mahamri, hilo halifichiki. Saa tisa za usiku niko jikoni nakanda unga, saa kumi na moja karai liko motoni, na kukipambazuka mbaazi za nazi ziko tayari. Miaka kumi na minne nimelisha vijana wa tuktuk, mafundi, walimu na wavuvi wanaorudi na baridi ya bahari. Mwaka juzi presha ilipanda, daktari akaniambia nitembee. Nikawa natembea jioni kutoka Maweni kuelekea daraja la Sabaki. Kutembea kukazaa kukimbia, sijui hata siku gani. Nilikuwa nafunga leso juu ya taiti ili wazee wasishtuke, na bado vijana wa tuktuk wakanipigia kelele: "Mama, nani anakufukuza?" Wengine wakinipita polepole na kuuliza kama nataka lifti. Watoto ndio walionielewa. Walijiunga bila kuuliza, miguu mitupu, wakanishinda, wakarudi kucheza.

Wakati wa kusi ukitoka mjini kuelekea kusini upepo unakupiga kifuani njia nzima. Siku ya zoezi langu refu kuliko yote nilikwenda mpaka Gede na kurudi, kama kilomita 32, kwa kuwa Gede iko kilomita 16 hivi kutoka Malindi. Nilipofika Gede niliketi kwenye benchi la mwuza madafu, nikanywa mawili na kula nyama yake kwa kijiko cha kifuu. Nilirudi nyumbani nikiimba. Kumbukeni hayo madafu.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Urefu huo haukushuka mbinguni. Ni njia ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908, iliyoanzia kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na mwaka 1921 ukafanywa kuwa urefu rasmi. Basi miguu ya mwuza mahamri wa Malindi inalipa deni la heshima ya wafalme wa Uingereza. Hilo tuliache.

Sasa nifike penye haya. Wiki ya mbio niliona kuwa kukimbia tu hakutoshi, lazima iwe sadaka. Nikamwekea Mungu nadhiri kwamba nitafunga kuanzia Ijumaa usiku na nitakimbia Jumapili nikiwa bado nimefunga, maji na chai ya strungi basi, ili watu wajue nguvu ni zake. Sikumwuliza mchungaji. Sikumwuliza mtu. Jirani yangu wa Kiislamu, ambaye tumeazimana sufuria miaka yote hii, aliniona Ijumaa nafunga mizigo akaniletea bakuli la wali wa nazi. Nikamwambia nimefunga. Akacheka, kisha akakunja uso. "Shoga, hata sisi, katika Ramadhani yenyewe, msafiri ana ruhusa ya kula akailipa siku nyingine. Wewe nani amekufungisha?" Nikamwambia mambo ya Roho hayaelewi. Mungu anisamehe kwa jibu lile. Bakuli nalirudisha limejaa.

Nairobi iko juu, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani mapafu yetu yamezoea hewa nzito yenye chumvi. Alfajiri ile baridi ilinikata masikio. Mpwa wangu, ambaye nililala kwake, alinipa ndizi mbili za kula kabla ya kuanza. Nikaziweka mfukoni, kisha nikampa mtoto wa mtu. Tulipoachiwa nilijiona tai wa Isaya 40. Kilomita kumi za kwanza niliziimbia pambio. Kila baada ya kilomita chache palikuwa na meza ya maji, na kwenye baadhi yake ndizi na machungwa yaliyokatwa. Nikachukua maji, matunda nikayapita nikiwa nimeinua kidevu. Nataka mkione hicho kidevu.

Kilomita ya 27 kikashuka.

Kwanza miguu ikawa mizito kama imetiwa saruji. Halafu jasho likawa la baridi. Kisha nikaanza kulia bila sababu, na hapo ndipo maneno yakaja: wewe mama wa karai ulidhani wewe nani, rudi kwenu, Mungu hakukutuma. Niliketi kwenye ukingo wa barabara nikaweka uso kati ya magoti. Nikasema, imetosha. Nililisema kweli, kwa sauti, askari wa trafiki akageuka.

Mwanangu wa kidato cha tatu amenieleza baadaye, kwa ile sauti ya watoto wanaojua zaidi ya mzazi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na hata kwa mtu aliyeshiba akiba hiyo huelekea kuisha kilomita 30 na kitu. Ikiisha, mwili unategemea mafuta, na mafuta huungua polepole, kama jiko la makaa yenye unyevu. Na ubongo nao ukikosa sukari unaanza kuona kiza pasipo kiza. "Kwa hiyo mama," akaniambia, "ile sauti haikuwa ya shetani. Ilikuwa njaa." Nilitaka kumkemea. Sikupata neno.

Pale ukingoni mtu akanigusa bega. Alikuwa mama wa makamo mwenye beseni la ndizi na mayai ya kuchemsha, mchuuzi kama mimi, hata aproni yake ilikuwa na mafuta mahali pale pale panapochafuka yangu. Hakuniuliza jina, hakuniuliza kama nimeokoka. Alimenya ndizi akanishikisha. "Kula, mama. Bado ni mbali." Nikamwambia nimefunga. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Basi fungua." Nikala. Nikataka kulipa, sikuwa na shilingi. Akanipa ya pili na akaenda zake kuuza.

Nilikaa pengine robo saa. Kijana mmoja wa huduma ya kwanza akaja naye na maji ya glukosi, akanigombeza vizuri sana, nikayanywa yote. Kisha nikainuka. Sikukimbia kama tai. Nilikimbia kidogo, nikatembea, nikakimbia tena, na kila penye meza nilikula kilichokuwapo. Nilimaliza kwa saa 6 na dakika 4. Walikuwa wameanza kukunja mahema. Medali nilipewa, na hiyo mliiona kwenye picha. Kilichokuwa nyuma ya picha ndicho hiki.

Kwenye basi la kurudi nilifungua somo letu. Nimelisikia likihubiriwa mara nyingi na karibu kila mara Eliya hugombezwa: jana ameshusha moto, leo anamkimbia mwanamke, imani imekwenda wapi? Safari hii nikaanza nyuma kidogo, na nikaona mstari ambao sikuwahi kuukalia. Baada ya moto kushuka Karmeli, Eliya anamwambia Ahabu, "Inuka, ule, unywe." Ahabu akaenda kula. Na Eliya? Akapanda mpaka kilele, akainama mpaka nchi, akaweka uso kati ya magoti yake, akaomba mvua. Mvua ikaja, naye akajikaza viuno akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Hiyo si nyuki kumfukuza mtu, wapendwa. Kutoka Karmeli mpaka Yezreeli ni kilomita 25 hivi au zaidi, kutegemea alianzia upande gani wa mlima. Mfalme juu ya gari, ameshiba. Nabii chini, kwa miguu, na maandiko hayatuambii kama alionja kitu.

Kisha ujumbe wa Yezebeli, mke wa Ahabu, kwamba atamwua, kisha mbio nyingine mpaka Beer-sheba, zaidi ya kilomita 100, kisha mwendo wa siku moja jangwani, kisha mretemu, kile kijiti cha jangwani alichoketi chini yake. "Yatosha." Na malaika anapomgusa, anamwambia nini? "Inuka, ule." Maneno yake mwenyewe! Yale yale aliyompa Ahabu, yamezunguka njia yote hiyo yakamrudia. Niliifunga Biblia nikatazama nje, tulikuwa Voi sijui Mackinnon Road, nikacheka peke yangu mpaka jirani wa kiti akasogea. Miaka kumi na minne nawaambia watu "kula, baba, utaanguka," na siku yangu ilipofika nikainua kidevu.

Angalieni alicholetewa. Mkate umeokwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Mimi najua mkate wa makaa, hauji wenyewe, lazima mtu akae na moto. Akala, akanywa, akalala tena. Hakuna aliyemwambia usilale. Malaika akarudi mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Hakusema kwamba safari ni ndogo ukiwa na imani. Alikubali kwamba ni kubwa, na kwamba imemzidi. Swali la Mungu, lile la "Unafanya nini hapa, Eliya?", halikuulizwa chini ya mretemu. Lilingoja Horebu, baada ya milo miwili, usingizi mara mbili na siku arobaini za njia.

Mwenzetu Eliud Kipchoge alikimbia urefu huu kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, Oktoba 2019. Haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, na mojawapo ya sababu ni kwamba alisaidiwa kupita sheria inavyoruhusu: wakimbiaji 41 walipokezana kumkinga upepo na kumwongoza kasi, na vinywaji aliletewa mkononi, hakuvifuata mezani. Wenye vitabu vya rekodi wana haki yao. Lakini mimi nikiitazama ile picha ya watu wamemzunguka kwa umbo la mshale, nawaona ninyi na nauli yenu, na namwona mama wa ndizi. Hakuna anayenihesabia rekodi.

Hata mji wetu huu, tukiutazama vizuri, umepata jina duniani kwa kulisha wasafiri. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika hapa, Mombasa ilikuwa imemkataa. Sultani wa Malindi akampa vyakula na nahodha wa kumvusha mpaka India. (Yaliyofuata baadaye kwa pwani yetu ni mengine, na sisemi aliyepewa chakula alikistahili. Hata Ahabu alikula.) Na kile kikanisa kidogo cha Wareno kule Shela, ambako tunapita tukienda ufukweni bila kugeuka, kinatukumbusha wakati ule ule. Mmisionari Fransisko Xavier alishuka hapa mwaka 1542 akielekea India. Watu wa safari kubwa, wote wakihitaji maji.

Kuna jambo la mwisho, nimeomba ruhusa ya mwenyewe kulisema. Mwezi wa nane dada mmoja kijana wa ushirika wetu, aliyejifungua karibuni, alisimama akasema hawezi tena kuomba, akifungua Neno herufi zinaogelea, na analia usiku. Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimwambia aongeze maombi, aamke saa nane za usiku. Mtu ambaye tayari alikuwa macho saa nane za usiku! Mkasema amina, nami nikaketi nimeridhika.

Jumamosi baada ya kurudi nilikwenda kwake. Nilibeba mahamri kumi, mbaazi kwenye hotipoti, na chupa ya chai ya maziwa yenye iliki. Biblia ilikuwa ndani ya mkoba na nilikuwa nimetia alama pale pale penye mretemu, maana nilidhani nitamhubiria. Alikula mahamri manne amesimama mlangoni, kabla hajanikaribisha ndani. Nikampokea mtoto. Alijinyosha kwenye mkeka "dakika tano tu, mama," akalala kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa na kupita. Mtoto alinilowesha leso mara mbili. Mkoba sikuufungua.

Alipoamka alikaa kitako, amechanganyikiwa, alama za mkeka shavuni, akaniuliza kwa aibu, "Mama, tuombe?"

Nikamwambia, "Kuna mahamri mawili yamebaki. Yamalize kwanza."