Ukianza sindano ya kupunguza uzito, anza kulinda nywele siku hiyohiyo

Siku hizi wateja wananiuliza swali moja kwa sauti ya chini, hasa saluni ikiwa imejaa: "Dada, nywele zinanyonyoka, itakuwa ni ile sindano?" Mimi ni msusi, saluni yangu iko Sinza, Dar es Salaam, na sindano yenyewe naitumia. Daktari aliniandikia semaglutaidi kwa sababu sukari ilikuwa inapanda, na magoti yalikuwa yamechoka kubeba kilo 104 huku nasimama kutwa nzima. Kwa hiyo jambo hili ninaliona kwenye kichwa changu na kwenye vichwa vya watu.

Jibu langu ni kwamba ndiyo, inahusika, ila si kwa namna wengi wanavyodhani. Katika majaribio ya Wegovy, ambayo ni semaglutaidi ya kupunguza uzito, watu wazima kama 3 katika kila 100 waliripoti nywele kudondoka, na kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa alikuwa 1 katika 100. Kwa Zepbound, sindano nyingine ya kupunguza uzito yenye dawa ileile ya Mounjaro ya kisukari, wanawake walifika 7 katika 100, wanaume hawakufika hata 1 katika 100. Maelezo ya dawa hiyo yanahusisha tatizo na uzito kupungua. Hata waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, bila sindano yoyote, hupata hali hiyohiyo.

Kichwa kina nywele kama 100,000, na kila unywele una ratiba yake. Unakua miaka 2 mpaka 6, unapumzika kama miezi 3, kisha unatoka na mwingine unachipua palepale. Kwa mtu mwenye afya, karibu 9 katika kila 10 ziko kwenye kukua, ndiyo maana zikitoka 50 mpaka 100 kwa siku hakuna anayeshtuka. Sasa mwili ukipata mtikisiko, iwe homa kali, uzazi, upasuaji au chakula kupungua ghafla, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa mpigo. Hazitoki siku hiyo. Zinakaa kimya miezi 2 au 3, halafu zinatoka pamoja. Madaktari wa ngozi wanaita telojeni efluviamu. Mwanamke aliyezaa anaweza kukumbuka: mtoto ana miezi mitatu minne, unachana, kitana kinajaa.

Maana yake ni kwamba nywele zinazodondoka mwezi wa tatu zinasimulia ulivyokula mwezi wa kwanza. Hili ndilo ninalotaka kila anayeanza sindano alijue, kwa sababu wengi wanakuja kwangu mwezi wa nne wakiwa na mfuko wa mafuta ya mnyonyo, maji ya kitunguu na maji ya mchele. Mafuta yanasaidia nywele zilizopo zisikauke na kukatika. Unywele ulioingia mapumzikoni miezi miwili iliyopita hayawezi kuurudisha.

Kwa hiyo kinga ni chakula, na chakula ndicho kigumu zaidi ukiwa kwenye dawa hii. Tumbo linachelewa kumwaga, hamu inapotea, unafika saa kumi jioni hujaweka kitu mdomoni na wala hujisikii njaa. Wengine wanafurahia hali hiyo, wanashindia chai ya rangi na tikiti maji, kilo zinashuka haraka na kila mtu anawasifia. Mimi ninaogopa nikisikia hivyo.

Wataalamu wa lishe kwa watu wanaopungua sana hutaja gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku. Niliweka hesabu hiyo ukutani jikoni kabla sijachoma sindano ya kwanza. Asubuhi mayai mawili, gramu 12, na glasi ya maziwa au mtindi, gramu 8. Mchana kipande cha samaki au kuku cha ukubwa wa kiganja, gramu 20 na kidogo. Jioni kikombe cha maharage yaliyoiva, gramu 15, na dagaa kidogo pembeni. Unaifikia 60 bila unga wa kopo wa bei mbaya. Siri ni mpangilio wa sahani: samaki na maharage kwanza, mboga inafuata, ugali mwishoni kama nafasi bado ipo. Ukianza na ugali, vijiko vitatu tu umeshiba, na protini inabaki kwenye bakuli.

Siku baada ya sindano harufu ya dagaa siiwezi kabisa. Siku hiyo nakula mtindi wa baridi na uji wa ulezi wenye karanga za kusaga, kidogokidogo kutwa nzima. Usilazimishe utapike, lakini usiache siku ipite tupu.

Madini ya chuma nayo wanawake tunayapoteza kila mwezi, na mwenye hedhi nzito au uvimbe kwenye kizazi anapoteza zaidi. Mdogo wangu ni nesi, na aliniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia saluni: wingi wa damu unaweza kusoma vizuri huku akiba ya chuma imekwisha. Kipimo cha akiba kinaitwa feritini. Omba feritini, wingi wa damu, vitamini D na homoni ya tezi ya shingo, na uombe kabla ya kuanza sindano ili ujue ulikotokea. Chuma cha vidonge usimeze bila majibu mkononi. Kwenye chakula, kamulia ndimu mchicha na maharage, na chai ya rangi iache ipite saa moja hivi baada ya kula, kwa sababu inazuia chuma kisiingie mwilini.

Vidonge vya nywele vyenye biotini vimejaa kila duka la vipodozi. Vinamsaidia aliyepungukiwa biotini, na watu hao ni wachache. Tena biotini nyingi inaharibu majibu ya maabara, hasa ya homoni za tezi na ya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2017. Kama unameza, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Na vitamini A ikizidi, yenyewe inanyonyoa nywele. Usichanganye makopo matatu kwa pupa.

Sasa nirudi kwenye kiti changu, maana hapa nina la kusema.

Kuna mama mmoja wa Mbezi, mteja wangu wa miaka mingi, alikuja kufumua rasta alizokaa nazo wiki sita. Tulipomaliza kulikuwa na kibunda cha nywele cha kujaza viganja viwili. Akashika kichwa. "Mwanangu, zimekwisha. Hii sindano naiacha leo." Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza tuhesabu." Nywele 50 kwa siku, kwa siku 40 na ushee, ni zaidi ya 2,000. Zikiwa 100, ni zaidi ya 4,000. Zote zilinaswa ndani ya rasta, hazikuwa na pa kwenda. Kibunda peke yake hakikuambii kitu.

Kinachokuambia ni unywele mmoja mmoja. Nilitandika taulo jeupe, nikazilaza chache chini ya taa. Unywele uliotoka kwenye shina una kijidoa cheupe mwishoni, kidogo kama chembe ya chumvi, na urefu wake ni kamili. Uliokatika hauna kijidoa, ni mfupi, ncha imechanika au imekwenda upande. Zake nyingi zilikuwa vipande. Zilikatika kwa ukavu na kwa dawa ya kulainisha iliyorudiwa kabla ya wakati. Zenye kijidoa zilikuwepo, lakini nikiangalia mstari wa katikati ya kichwa ulikuwa haujapanuka. Nikampa stimu, tukaacha dawa ya nywele kwanza, na nikamsihi suala la sindano alipeleke kwa daktari wake, asiliamue kwenye kiti cha saluni.

Kwa aliye kwenye miezi hii, ushauri wangu wa kusuka ni mmoja: wepesi. Rasta nene ndefu mpaka kiunoni kwenye shina linalolegea ni kulivuta litoke, na panja huwa za kwanza kuondoka. Suka twende kilioni za nywele zako mwenyewe bila kukaza, au mabutu, au vaa wigi isiyo na gundi. Ukitoka kwa msusi huku unameza dawa ya maumivu, amekukaza. Rudi akalegeze, usimwonee aibu. Usikae na mtindo zaidi ya wiki nne mpaka sita, na ukifumua ipe ngozi nafasi kabla ya kusuka tena. Wasusi wenzangu, najua mteja anataka idumu. Bado ni wajibu wetu kumwambia.

Kuhusu dozi, semaglutaidi ya kupunguza uzito inaanzia miligramu 0.25 kwa wiki na kupanda kwa hatua za mwezi mmoja mmoja, kwa kawaida hadi 2.4. Kama unashuka kilo mbili tatu kila wiki na chakula hakipiti, mwambie daktari. Anaweza kukubakiza kwenye hatua uliyopo. Mimi nilibaki kwenye 0.5 muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Na nunua kwenye famasi iliyosajiliwa tu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza Ozempic (semaglutaidi ya kisukari) bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kalamu inayouzwa kwa simu na kuletwa na bodaboda kwenye mfuko wa rambo, wakati kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye friji ya nyuzi 2 mpaka 8, ni ya kukataa.

Kuna dalili ambazo si za sindano na zinahitaji daktari wa ngozi haraka: kipara cha mviringo kilichotokea ghafla, magamba na muwasho, au utosi unaouma, ngozi yake inang'aa na vitundu vya nywele havionekani. Huo wa utosini ukicheleweshwa, nywele hazirudi. Vilevile kunyonyoka kukizidi miezi sita.

Kuzuia kabisa siwezi kumwahidi mtu. Mimi mwenyewe nimeshuka mpaka kilo 88, na mwezi wa tatu zilitoka kuliko kawaida, zaidi nyuma ya masikio. Sikubadilisha kitu, niliendelea na mayai yangu na samaki wangu. Sasa pale pana nywele changa za urefu wa kama sentimita mbili, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, ninajua zilianza lini. Nazipaka mafuta kidogo, sizibani kwa jeli. Feritini yangu ilikuwa chini kidogo mara ya kwanza, daktari akanipa vidonge vya chuma, na mwezi ujao narudi kupima tena. Majibu yakitoka nitayaandika hapa.