Tisini na Kenda

Neno "kenda" lilinikwamisha kabla hata kondoo hajapotea.

Nilikuwa nimesimama chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa, Biblia mkononi, ile ya Union Version ya mwaka 1952 ambayo makanisa mengi yanaisoma mpaka leo. Nilikuwa nawasomea watoto Luka 15: mtu ana kondoo mia, mmoja akampotea, akawaacha wale tisini na kenda nyikani. Mkono ukanyooka. Kenda ndiyo nini, mwalimu? Nikasema ni tisa. Mwingine akauliza mbona hawakuandika tisa. Nikajibu kwamba ndivyo wazee walivyokuwa wakihesabu, nikafungua ukurasa haraka kana kwamba nimechelewa mahali.

Ilikuwa 2009, wiki mbili baada ya Pasaka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda chuo, na mama mdogo, ambaye alikuwa anafundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, aliniita nikakae naye badala ya kuzurura mjini. Kutoka Dodoma mjini ni kama kilomita 40, lakini kwa barabara ya masika ya wakati ule hukuhesabu kilomita, ulihesabu makorongo. Sijamaliza wiki mbili mwinjilisti akaniomba nishike watoto wa shule ya Jumapili. "Wewe umesoma," alisema. Mimi ni mtoto wa Makole, Dodoma mjini. Mbuzi nilimjua akiwa tayari kwenye sahani, chumvi na pilipili pembeni.

Kanisa lilikuwa la Anglikana, kama makanisa mengi ya Ugogoni. Wamisionari wa CMS, chama cha umisionari cha Anglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na baadaye wakaja wa Australia, ambao askofu wao, George Chambers, alianza dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927. Nasema hivi kwa sababu ya sanduku nililokabidhiwa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha flana cha kijani cha kutundika ukutani na picha za karatasi zenye mgongo wa kitambaa, ukizibandika kwenye flana zinashika. Watu waliozileta walikuwa wameshaondoka zamani, picha zimebaki. Katika picha hizo mchunga kondoo alikuwa mzungu mwenye kanzu ya bluu. Kondoo walikuwa weupe, wamevimba sufu kama mawingu, wanakula majani ambayo Dodoma hatuyapati hata Februari.

Nilipombandika kondoo wa kwanza, mtoto wa mbele kabisa akasema, "Mbwa."

Ukiwaona kondoo wa pale hutamlaumu. Ni wa kahawia, manyoya mafupi, mkia mnene unaoning'inia kama mfuko. Nikawaambia huyu ni kondoo wa Ulaya. Wakakubali, kwa adabu tu.

Kisha yule kijana wa nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa na miaka kama 11, darasa la tatu, mwenye fimbo ambayo haikuwahi kumwacha hata kanisani. Aliilaza chini ya benchi, mguu mmoja juu yake. Alikuja Jumapili moja, nyingine hakuja. Sababu yake nilikuwa sijaiuliza.

"Mwalimu, hao tisini na tisa aliwaachia nani?"

"Hakuwaachia mtu. Imeandikwa aliwaacha nyikani."

"Nyikani?" Akageuka akawatazama wavulana watatu waliokaa naye, wakacheka kile kicheko cha mafundi wanaposikia mwenye gari anaeleza ubovu. "Na fisi?"

"Mungu aliwalinda."

"Sasa kama aliweza kuwalinda wale wote, kwa nini hakumlinda na huyu mmoja asipotee?"

Nilikaa kimya. Nadhani hata mwarobaini ulikaa kimya. Yeye hakuwa anabishana, alikuwa anauliza jambo la kazi yake. Alipoona sijibu akanisaidia. "Halafu, mwalimu, kondoo hapotei mmoja. Mbuzi ndiye anaweza kuamua tu akaenda zake. Kondoo wanafuatana, wakipotea wanapotea kundi zima. Ukiona mmoja amebaki nyuma, ujue anaumwa. Au anazaa."

"Alikuwa anazaa!" akasema msichana mmoja.

"Basi alirudi na mia moja na mmoja!" akadakia mwingine, na darasa zima likapiga makofi, wengine wakasimama, kana kwamba habari zimeletwa sasa hivi kutoka malishoni.

Leo ningetoa chochote kupata darasa kama lile. Siku ile niliona Neno la Mungu linageuzwa mchezo mbele yangu, tena na watoto wasiojua kenda. Nikawanyamazisha, tukakariri mstari mara tano, tukaimba, nikafunga kwa sala ndefu kuliko kawaida.

Jumapili iliyofuata kijana hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu, nikiwa na kalamu mkononi nikiita majina, nikafika kwenye jina lake, kimya. Ndipo moyo ukanigonga kwamba nimemfukuza mimi, kwa kumkatiza. Nimeshindwa kumjibu mtoto, na sasa mtoto amelikimbia kanisa. Nilikuwa na miaka 20, na katika umri huo mtu hupenda sana kuwa sehemu ya hadithi. Mnaona ninakoelekea.

Nilimaliza kuita majina. Watoto 38 kati ya 43, nikaweka alama za vema, nikafunga daftari. Nikamwita msichana wa darasa la sita, mwenye sauti nzuri, nikamwambia awaimbishe mpaka nirudi. Nikaondoka kumtafuta kondoo wangu aliyepotea. Ndivyo nilivyojiambia, kwa maneno hayohayo.

Mashamba ya uwele yalikuwa yamekomaa, na ukikomaa uwele Dodoma, kwelea kwelea wanakuja kama moshi. Kila shamba lilikuwa na dungu lake na mtoto juu yake anaamia ndege, anapiga kelele, anarusha udongo kwa kombeo. Nilipita chini ya dungu moja nikasikia, "Mwalimu, shikamoo!" Kuangalia juu, ni wanafunzi wangu wawili, kati ya wale watano wasiokuwepo. Nikaitikia marahaba, nikawapungia mkono, nikapita. Nilikuwa na haraka.

Yeye nilimkuta ng'ambo ya korongo, amesimama juu ya kichuguu kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja gotini, fimbo begani. Mbuzi na kondoo wamechanganyika chini yake. Aliponiona alishuka mbio, nadhani alifikiri kuna msiba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kukutafuta."

"Mimi?" Akatazama nyuma yake. "Mimi sijapotea, mwalimu. Niko hapa kila siku."

Ikawa zamu yangu kufundishwa. Yeye na kaka yake walikuwa wanapokezana: Jumapili hii mmoja kanisani, mwingine malishoni. Kaka alikuwa anaumwa malaria, akipata nafuu inarudi, kwa hiyo wiki tatu zote zilikuwa zake. Na miezi ile mashamba yana chakula huwezi kulegea hata kidogo; mbuzi mmoja akiingia kwenye uwele wa mtu, baba analipa. Mambo ya swali lake alikuwa hayakumbuki kabisa. Hilo liliniuma kidogo, sijui kwa nini.

Nikamuuliza, ili niseme kitu, "Kondoo wako ni wangapi?"

"Sijui. Idadi anayo baba."

"Sasa mmoja akipotea utajuaje?"

Akaniangalia kama nimeuliza utajuaje mama yako hayupo nyumbani. "Nitaona hayupo." Akaanza kunionyesha kwa fimbo: yule wa sikio lililokatwa, yule mama yake, yule mkorofi anayependa kutangulia, yule aliyenunuliwa mnadani na mpaka sasa hajazoeana na wenzake. Yule pale amezaa Alhamisi. Mwanakondoo alikuwa amelala kivulini chini ya kichaka, kahawia, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilitaka kumshika, akanikataza, mama yake angemkataa.

Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Na wenzangu umewaacha na nani?"

Nikamtaja yule msichana.

Akafikiri. "Lakini yule ana mdogo wake mgongoni."

Kweli alikuwa naye. Alikuja naye kila Jumapili, na mimi nilikuwa nimeshamzoea kama mtu anavyozoea kitenge cha mwenzake.

"Rudi tu, mwalimu," akasema kwa upole. "Kaka akipona nitakuja."

Nilirudi kwa kukimbia, sijui kwa nini, viatu mkononi kwenye mchanga wa korongo. Lambo la kijiji liko njiani, si mbali na kanisa, na mwezi wa tano bado lina maji mengi. Kabla sijalifikia nikakutana na mama mmoja anapanda kutoka huko, ndoo tupu kichwani, amemshika mtoto mkono. Mtoto alikuwa na miaka minne, yule aliyependa kukaa mbele, yule aliyesema mbwa. Matope yalimfika magotini. Gauni lake la Jumapili lilikuwa limelowa lote. Alikuwa amelichafua akicheza, akaogopa kurudi nalo nyumbani, akaenda peke yake lamboni kulifua. Mama yake alikwenda kuchota maji, akamkuta ukingoni.

Nilisubiri anifokee. Hakunifokea.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikuachia mtoto."

Akapita, na ndoo yake tupu.

Chini ya mwarobaini nilimkuta yule msichana anabembeleza mdogo wake anayelia, na watoto kama kumi wamebaki, wanaimba wimbo uleule. Wengine walikuwa wametawanyika, wa mbuyuni, wa nyumbani, wa madunguni. Hakuna aliyenilaumu. Jioni mzee wa kanisa alikuja kwa mama mdogo, akapewa chai, akazungumza habari za uwele na za ndege mpaka giza likaingia. Aliposimama kuaga ndipo akanigeukia. "Binti yangu, watoto wa watu." Akavaa kofia, akaondoka.

Kuanzia Jumapili iliyofuata mama mmoja wa kanisa alikuwa anakaa na kigoda chake pale njia inapokata kwenda lamboni, anachambua mlenda, macho kwetu. Kijana naye alirudi kaka yake alipopona, na nilimwachia yeye amalize ile hadithi ya Luka. Aliisimulia vizuri, fisi wakiwemo.

Lakini usiku ule wa lambo nilikuwa bado sijui hayo yote. Nilikaa na koroboi, mama mdogo ameshalala, nikafungua daftari la mahudhurio. Nikashuka na kidole mpaka kwenye jina la yule mtoto wa miaka minne. Vema. Nilikuwa nimeiweka vizuri kabisa, kwa wino wa bluu, mkia wake umepanda juu mpaka mstari wa jirani.